Mzee amepita na fimbo za waya akaonyesha makaburi 37. Tuchimbe mtaro kwa kuzifuata?

Mjukuu wa Mwisho ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo kikao cha ukoo kitaamua.

Tuna eneo la makaburi la ukoo ambalo upande wake wa zamani hauna alama hata moja. Alama zilikuwa za mbao, zimeoza zote. Sasa bomba la maji linatakiwa kupita ukingoni mwa eneo hilo, kwenye mtaro wa kina cha mita moja. Isitoshe, kuna kebo ya umeme iliyofukiwa miaka mingi nyuma na hakuna mwenye ramani yake.

Shangazi alimleta mzee mmoja tunayemheshimu sana. Ana fimbo mbili za waya wa shaba zilizokunjwa kama herufi L. Anashika moja kila mkono, kwa kulegeza, kisha anatembea taratibu. Akifika mahali fulani zinageuka na kupishana, na hapo anachomeka kibendera. Alimaliza na vibendera 37. Halafu akarudi kwenye kila kimoja akawa anasema: huyu mwanamume, huyu mwanamke, huyu mtoto. Pale mtaro unapotakiwa kupita akasema pasafi. Kuhusu kebo akasema imepita mbali, upande wa pili kabisa.

Kwenye kibendera cha 12 alisema ni mwanamke mtu mzima. Shangazi akapiga magoti palepale. Anaamini ndipo alipolala mama yake, yaani bibi yangu. Bibi alifariki shangazi akiwa na miaka minne, na maisha yake yote hajawahi kujua kaburi liko wapi. Sasa anataka tuweke jiwe lenye jina.

Mimi mwenyewe nilizishika hizo fimbo. Zilipishana mikononi mwangu juu ya kibendera cha 12, na naapa sikuzigeuza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siwezi kumvunjia heshima shangazi, na siwezi kuwapeleka vijana na majembe kwenye mifupa ya wazee wetu. Je, fimbo hizi zina ukweli?

---

Bomba Kongwe amejibu:

Ndugu, usizidharau. Mimi ni fundi bomba wa siku nyingi na fimbo zimenionyesha bomba mara nyingi kuliko ramani. Ramani nyingi zinadanganya, bomba liko mita mbili kutoka lilipochorwa. Unapita na waya, zinapishana, unachimba, unalikuta.

Na sio sisi wa mitaroni tu. Mwaka 2017 kule Uingereza kampuni za maji zilipoulizwa, 10 kati ya 12 zilikubali kwamba baadhi ya mafundi wao bado wanatumia fimbo hizi. Watu wenye vyombo vya kila aina! Wangezishika kama hazina kitu? Mimi ningemwamini mzee.

---

Fundi Timazi amejibu:

Mjukuu, pole kwa mzigo huo. Nitaandika kirefu, maana fimbo kama hizo nilizibeba kwenye gari langu la kazi miaka tisa.

Nianze na hilo la kupishana mikononi mwako. Nakuamini. Hukuzigeuza kwa kukusudia, lakini mikono yako ndiyo iliyozigeuza. Fikiria mlango uliofungwa kwenye fremu iliyolala kidogo. Ukiuachia unajiendea wenyewe, bila upepo wala mtu wa kuusukuma, kwa sababu unateremka. Fimbo ya L ni mlango wa namna hiyo. Kipande kilichomo ngumini ndicho bawaba, na kile kirefu ndicho ubao. Ukiinamisha ngumi mbele kidogo, fimbo inatazama mbele na kutulia. Sehemu za juu za ngumi zikilalia ndani, hata kwa kiasi ambacho jicho halikioni, ncha zinateremkia ndani na kupishana. Uzito wa waya wenyewe unatosha.

Sasa jiangalie unapokaribia mahali unapopatarajia. Unapunguza mwendo. Unainamisha kichwa kutazama chini. Mabega yanaingia ndani, viwiko vinasogelea mbavu, ngumi zinalala. Wewe ulikuwa unakiona kibendera cha 12, na ulikuwa umemwona shangazi yako amepiga magoti pale. Mwili wako ulijua pa kusimama kabla hujafika.

Jambo hili ni la kale na lina jina. Mwaka 1852 daktari Mwingereza William Carpenter aliliita mwendo wa ideomota: kukitarajia kitu kunatosha kuisukuma misuli bila mtu kuamua. Kabla yake, mwaka 1833, mkemia wa Ufaransa aitwaye Chevreul alieleza jaribio la kizito alichokining'iniza kwa uzi mkononi. Kilikuwa kikibembea na kutulia kulingana na kilichowekwa chini yake. Alipofungwa macho, utii huo ukaisha. Alikuwa mtu mwaminifu, na hakuwa amemdanganya yeyote. Mzee wenu naye simhesabu kuwa mwongo.

Mimi niliziacha kwa sababu ya kebo. Nilipita na fimbo kwenye eneo la kuchimba, nikasema pasafi. Kijiko cha mashine kikakata kebo ya umeme sentimita 70 chini ya ardhi. Kijana aliyekuwa akiendesha alibaki ndani ya kibanda, hakugusa chuma wala hakukanyaga chini, mpaka umeme ulipozimwa. Alitoka mzima. Mimi nilikaa kando ya mtaro, miguu imeniishia nguvu. Usiku ule nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza miaka tisa nyuma: katika zile mara zote fimbo zilipopatia, ni mara ngapi sikuwa nimeshajua?

Nikachukua ndoo kumi, nikazipindua na kuzipanga mstari. Mpwa wangu aliokota karatasi yenye namba kutoka kwenye kofia, akaweka chupa ya maji chini ya ndoo ya namba hiyo, akaondoka kabisa ili nisiuone hata uso wake. Mtu anayejua jibu anaweza kukuonyesha kwa kupepesa tu. Kwanza tulifanya mara 10 nikiwa nimeambiwa chupa iko wapi: fimbo zilipishana juu ya ndoo yenyewe mara 10. Kisha tukafanya mara 30 bila mimi kujua. Nilipata 4. Aliyebahatisha tu angetegemea kupata 3.

Na uelewe, katika zile 30 fimbo zilipishana kila mara, tena kwa nguvu ileile. Mkononi sikuhisi tofauti yoyote kati ya kupata na kukosa. Hilo ndilo lililonivunja moyo zaidi ya hesabu.

Nikadhani labda mimi sina kipaji. Lakini wenye kipaji nao wamepimwa. Ujerumani, mwaka 1987 na 1988, karibu na Munich, walianza na watu zaidi ya 500 na kuchuja wakabaki na 43 walioonekana bora. Bomba la maji lilisogezwa huku na huku chini ya ghala, mtafutaji akiwa ghorofa ya juu. Majaribio yalikuwa 843. Waliofanya utafiti walisema wachache walikuwa na uwezo, lakini Jim Enright alipozipitia takwimu zilezile alionyesha kwamba hata hao bora hawakuweza kurudia walichofanya: siku moja unapata, siku nyingine unapotea, kama mrusha kete. Mwaka 1990, huko Kassel, watafutaji wapatao 30 walipewa bomba la plastiki lililofukiwa sentimita 50, na mahali lilipo walionyeshwa. Kazi yao ilikuwa kusema tu kama maji yanapita au yamefungwa. Masharti waliyakubali wenyewe kabla. Matokeo yakawa ya kubahatisha.

Bomba Kongwe, ndugu yangu, sikatai kwamba unayapata mabomba. Unayapata kwa sababu wewe ni fundi. Unaona kifuniko cha valvu kule na mita huku, unajua bomba halipindi bila sababu, unaona kiraka cha lami na majani mabichi kuliko mengine. Vyote hivyo vinaingia kichwani na kutokea ngumini. Wale mafundi wa kampuni 10 naamini ni hivyohivyo. Jaribu kuutembea mstari huohuo bila fimbo, chomeka kigingi pale moyo wako unapokwambia, halafu uchimbe. Nadhani utashangaa.

Kuna tofauti moja kati ya bomba na kaburi, nayo ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Bomba unachimba. Ukikosea, udongo unakusuta siku hiyohiyo. Kaburi hakuna anayelichimba kuhakikisha. Mtu anaweza kuchomeka vibendera miaka arobaini na asisahihishwe hata mara moja, na kila familia ikaondoka imeshukuru. Tena ndani ya eneo la maziko ya zamani, popote utakapochomeka huwi mbali sana na mtu. Hata ungechimba ukakuta, fimbo zisingekuwa zimethibitishwa. Cha kuthibitisha ni pale aliposema pasafi, na ndipo mnapotaka kupitisha mtaro.

Kwa hiyo usichimbe kwa neno la fimbo, hata sentimita moja. Kwenye kebo usifanye mzaha kabisa.

---

Mjukuu wa Mwisho ameandika:

Fundi, asante sana. Nimeisoma mara tatu. Nimekunja waya mbili nikajaribu kuinamisha ngumi mbele ya kioo, na kweli nimeona. Ila sijui nitaanzaje kumwambia mzee kwamba apimwe. Ni sawa na kumwita mwongo mbele ya watu. Na shangazi je? Nimwambie bibi hayupo pale?

---

Fundi Timazi amejibu:

Usimwambie hayupo pale. Hujui. Anaweza kuwa pale au hatua nne pembeni. Mwambie tu kwamba jiwe lenye jina litasomwa na wajukuu wa wajukuu wake, na hao hawatajua kuwa lilitokana na waya.

Mzee mfuate kwake, peke yako, kabla ya kikao. Usimpeleke kwenye mtihani asiouchagua. Mwombe msaada: “Mzee, tunataka kazi yako iwe na uzito, tusaidie kuihakiki.” Pima kila kibendera kwa tepu kutoka kwenye pembe mbili zisizohama, andika, kisha ving'oe vyote na fukia matundu. Baada ya siku chache apite tena, akianzia upande mwingine. Kama kuna kitu ardhini, vibendera vitarudi palepale. Mkimpata mtafutaji wa pili, naye apite peke yake bila kuona alama yoyote.

---

Rada na Jembe ameandika:

Nimechelewa kuona mada. Kazi yangu ni upimaji wa ardhi kwa rada, na makaburi ya zamani nimeyapima mengi. Niongeze pale Fundi alipoishia, maana familia zikiambiwa fimbo hazifai huwa zinadhani rada itawaonyesha mifupa kama picha ya hospitali. Haiwi hivyo.

Rada ya ardhini ni kisanduku chenye antena, unakivuta kwenye mistari iliyonyooka. Kinatuma mawimbi chini na kupokea yanayorudi. Mifupa haionekani kwa kawaida. Kinachoonekana ni shimo lenyewe: udongo uliochimbwa na kurudishwa haurudi kamwe kwenye tabaka zake za mwanzo, na jeneza ambalo halijabomoka huacha uwazi unaorudisha mawimbi vizuri. Kwenye mchanga mkavu tunaona vizuri sana. Kwenye mfinyanzi uliolowa au udongo wa chumvi, mawimbi yanamezwa na tunaweza kurudi mikono mitupu. Mizizi na mawe nayo hutoa michoro inayotatanisha. Kwa hiyo mpimaji mkweli atakupa mahali penye uwezekano mkubwa, penye uwezekano mdogo, na pasipoeleweka. Akikupa idadi kamili na jinsia ya marehemu, mwogope. Hakuna chombo cha juu ya ardhi kinachojua kama aliyelala ni mama au baba.

Kabla ya kutafuta rada, kuna kazi msiyohitaji chombo. Nendeni alfajiri au jioni jua likiwa limelala. Mabonde madogo ambayo mchana hayaonekani yanatoa vivuli, na udongo wa kaburi hudidimia kadiri miaka inavyopita. Piga picha. Angalieni majani: juu ya udongo uliowahi kuchimbwa mara nyingi yanakuwa tofauti, mabichi zaidi au makavu zaidi kulingana na msimu. Tafuteni kama mistari inaibuka, maana wachimbaji wa eneo moja hufuata mwelekeo mmoja.

Wazee wanaokumbuka wahojini mmoja mmoja, wala msiwahoji pamoja. Mkiwakalisha duara, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote. Kila mmoja apelekwe peke yake, aonyeshe kwa mguu wake, mwandike, kisha mlinganishe.

Kwa mtaro, jibu la kweli kuliko yote ni kuukwangua udongo wa juu kidogo kidogo, kwa ruhusa ya mamlaka na mbele ya mtu mwenye utaalamu wa mambo ya kale. Kijiko kisicho na meno, tabaka jembamba, na mtu anatembea nyuma akitazama. Kaburi linajitokeza kama mstatili wa udongo uliochanganyika, rangi yake haifanani na ya pembeni. Unasimama hapo. Huhitaji kwenda chini kumsumbua aliyelala. Lakini swali langu la kwanza kwa kila familia huwa ni hili: je, bomba haliwezi kuzunguka?

Kebo isubiri chombo chake. Kipima kebo husikia umeme unaopita, na kama kebo imekufa, kinaunganishwa kitoa mawimbi kwenye ncha yake moja kisha inafuatwa. Bomba la plastiki halisikiki hivyo, labda liwe lilifukiwa na waya wa kulifuatilia. Kikishaonyesha, msiamini hata chenyewe: chimbeni shimo dogo la majaribio kwa mkono, kebo ikiwa imezimwa, mpaka muione kwa macho.

---

Bomba Kongwe ameandika:

Fundi, nilikasirika kidogo nilipokusoma. Leo nimefanya ulivyosema, nimeutembea mstari bila fimbo na kuchomeka vigingi vitano. Bomba lilikuwa chini ya vinne. Sijui niseme nini. Bado nitazijaribu fimbo kwa zile ndoo, kijana wangu ataficha chupa. Nikipata zaidi ya ulivyopata wewe nitarudi hapa kusema.

Fundi Timazi amejibu:

Rudi na matokeo yoyote, ndugu yangu, hata ukipata 30. Hakikisha tu kijana anaondoka kabisa.

---

Mjukuu wa Mwisho ameandika, wiki mbili baadaye:

Wakuu, narudi na taarifa kama nilivyoahidi kikaoni kwamba nitawashukuru.

Nilimfuata mzee kwake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakuna aliyewahi kumwomba arudie kazi, na kwamba hata yeye angependa kujua. Tulipima vibendera vyote 37, tukaving'oa. Baada ya siku sita akapita tena akianzia chini kwenda juu. Safari hii vilikuwa 29. Tulipolinganisha, vilivyoangukia ndani ya hatua moja ya vile vya mwanzo vilikuwa 8. Cha 12 hakikuwemo. Karibu na hapo palikuwa patupu. Mzee aliomba karatasi aitazame mwenyewe. Akazikunja fimbo zake akaniambia nikae nazo.

Kebo imepatikana kwa kipima kebo na shimo la mkono. Iko sentimita 80 chini, na inakatisha palepale mtaro ulipopangwa. Nilipoiona nilikumbuka yule kijana wa kwenye mashine. Bomba sasa litazunguka kwa nje, mita 40 zaidi, na ukoo umekubali kulipia.

Shangazi nilimweleza taratibu, siku mbili. Alilia. Halafu akaniuliza kama kukumbuka kitu kunasaidia. Anakumbuka amebebwa mgongoni siku ya maziko, na kwamba waliompeleka walisimama kwenye kivuli cha mti mkubwa jua likiwa machoni mwake. Kisiki cha mti huo bado kipo, upande wa juu, mbali na kibendera cha 12. Wazee wawili tuliowahoji mmoja mmoja nao walielekea upande huo.

Suala la jiwe limeahirishwa kwanza. Rada na Jembe, tunataka kuanzia hapo kwenye kisiki, udongo ni wa kichanga na sasa umekauka. Mistari tuiweke kila sentimita 50 au tupunguze iwe 25?

---

Rada na Jembe amejibu:

Kila 25, na pande zote mbili, wima na mlalo. Kisiki kina mizizi, itatusumbua. Msiking'oe kabla sijafika.